Kipimo Ambacho Fundi Hakukifanya

Fundi cherehani alikuwa na uongo mmoja tu aliouzoea, ule wa mafundi wote: njoo kesho, nguo itakuwa tayari. Wa pili ulimponyoka kwa sababu ya aibu.

Miaka minne baada ya Fundi kukatwa titi la kushoto, daktari alimwandikia akapimwe utumbo mpana kwa kamera, kwa kuwa umri wake umefika na aliyeugua saratani hapaswi kufanya mzaha. Akaitikia vizuri, karatasi akaitia kwenye droo ya vifungo. Kifua ameshakifunua mbele ya watu wasiohesabika. Sasa na huku nyuma nako? Akahisi masikio yakiwaka.

Shoga yake Mwalimu, waliyelazwa naye wodi moja kwa maradhi yale yale, alipomuuliza kuhusu kipimo hicho, ambacho naye alikuwa ameandikiwa, Fundi alijibu bila kupepesa macho kwamba amekwenda, hakuna maumivu, na yeye ni buheri wa afya. Alisema hivyo ili yaishe.

Hayakuisha. Baada ya wiki tatu Mwalimu aliingia dukani, akaketi, akaeleza kwamba maneno yale ndiyo yaliyomtoa woga akaenda kupimwa. Amekutwa na vivimbe vitatu, vikatolewa palepale kabla havijageuka saratani.

"Umeniokoa, shoga yangu," alisema, akamshika mkono.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkono ule hakuweza kuuondoa, wala kuuacha ulipo.

"Mimi sikwenda," alisema, macho kwenye mkasi. "Nilikudanganya."

Mwalimu hakumkemea, na afadhali angemkemea. Aliuliza tu karatasi iko wapi. Fundi akapekua vifungo mbele yake kama mtoto aliyeficha daftari.

"Jumatatu nakupitia," Mwalimu alisema. "Na dawa ya kusafisha tumbo uinywe yote."

Jumatatu Fundi alilala kiubavu, amefumba macho, ndani ya gauni la hospitali lililoshonwa ovyo. Muuguzi alimfunika shuka bila kuombwa. Walitoa kivimbe kimoja kidogo. Majibu yakarudi salama.

Siku hizi Mwalimu huwasimulia wanawake wa kliniki jinsi shoga yake alivyomtia moyo. Sehemu ya uongo huiruka. Wanawake wakigeuka kumtazama kwa heshima, Fundi huinama, akajifanya anafunga kiatu.