Maziwa Hayaoshi Moshi

Kila jioni kabla ya kwenda kwenye masomo ya watu wazima, Phelister alimmiminia mumewe bilauri ya maziwa. Jackton alikuwa fundi wa kuchomelea mageti mtaani Baba Dogo, na mafundi wa pale wote huamini maziwa huosha kifua.

Mwaka huo Jackton alikuwa amepoa. Sauti ilishuka, hasira ziliisha, uso ukatulia kama maji ya mtungi. "Baba Owen sasa ameokoka kweli," wakasema kina mama kanisani. Phelister, aliyeliombea jambo hilo miaka kumi na mmoja, akashukuru.

Jumanne moja Mwalimu Kawsar aliingia darasani na pakiti ya majani ya chai.

"Humu mna manganizi, aina ya madini. Yote iliyo mwilini mwako haijazi ncha ya kijiko, lakini bila hiyo mifupa haijengeki sawasawa. Ikizidi kwenye chakula, ini huitoa kwa nyongo."

Phelister aliacha kuandika. Miaka arobaini na saba ini lake limekuwa likipima na kuchagua, hata yeye akiwa usingizini! *Bwana,* akaomba kimoyomoyo, *kumbe hata kwenye nyongo uliweka bawabu.*

"Ila moshi wa kuchomelea haupiti kwa huyo bawabu wa ini," Mwalimu akaendelea, kana kwamba amemsikia. "Huingia mapafuni, na manganizi yake yaweza kufika ubongoni. Mtu akazubaa, sauti ikadidimia, hata mwandiko ukasinyaa."

"Na maziwa, Mwalimu?"

"Maziwa huenda tumboni, Mama Owen. Moshi hauko huko."

Darasa likacheka. Phelister hakucheka.

Asubuhi alifungua daftari la mahubiri la mumewe. Herufi za Januari zilikuwa kubwa kama maharagwe. Za Jumapili iliyopita, punje za wimbi.

"Baba Owen, nigombeze."

"Nini?"

"Nigombeze kama zamani. Uji umeungua."

Jackton alimtazama kwa uso usio na kitu. "Siwezi, mama. Hata sijui hasira zilienda wapi."

Machozi yakamtoka Phelister. "Vaa viatu. Leo ni hospitali. Na kile chumba chenu cha kuchomelea kisicho na dirisha, hurudi."

"Na kanisani? Wamenizoea mpole."

"Mungu aliyekuumba na kelele atakupokea na kelele zako."

Jackton akainama, akahangaika na kamba za viatu. Kisha akaonyesha bilauri ya maziwa mezani, bado imejaa. "Na hayo ya jana?"

"Nitayatia kwenye chai," alisema Phelister, akapiga magoti kumfungia.