Bilauri ya Tatu

Mlinzi wa getini aliinuka kitini kwa awamu, kwanza mikono, kisha kiuno, mwisho magoti, akamfungulia mpimaji wa dawa. Mpimaji alimwamkia, akapanda hadi maabara na kuwasha mashine ya kuyeyushia vidonge kabla hata ya kuvaa koti jeupe, maana mashine ile haipendi kuharakishwa. Ni beseni la maji lenye bilauri sita za kioo zilizozama hadi shingoni, na ndani ya kila bilauri kuna kasia dogo la chuma linalozunguka taratibu. Maji hupashwa mpaka yafikie joto la mwili wa mtu. Kidonge kikitumbukizwa humo hudhani kimemezwa, na hapo ndipo huonyesha tabia yake.

Siku hiyo vililetwa vidonge vya magoti. Chupa ilikuwa na lebo ya kijani, picha ya mzee anayeruka kamba, na maneno "mitishamba tupu". Mpimaji aliifahamu. Nyingine kama hiyo aliikuta tupu ndani ya mfuko wa zana wa mumewe, chini ya mwiko, baada ya mazishi.

Mumewe alikuwa fundi wa vigae. Alipiga magoti kwenye sakafu za watu tangu ujana, na yakamlipa kama magoti yanavyolipa. Kisha, ghafla, yakapona. Akawa anapanda ngazi huku akipiga mluzi. Uso wake ukajaa, ukawa mviringo, majirani wakamsifu mkewe kwa mapishi. Mke alizifurahia sifa hizo, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Chupa ilipokwisha na dukani hakuna nyingine, fundi akalegea, akaanguka, na hospitali wakasema mwili wake ulikuwa umesahau kujitengenezea nguvu. Msibani watu walinong'ona kwamba mganga hajigangi. Walinong'ona kwa sauti ya kutosha.

Basi mpimaji akatumbukiza kidonge katika kila bilauri, na vidonge vilipoanza kuyeyuka, bilauri zikaanza kusema.

Zilikuwa sauti za watu waliomeza vidonge vya toleo lile, yaani vile vilivyotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Mashine haikubagua wazima na marehemu. Taratibu za maabara zina kurasa nyingi kuhusu usafi wa vioo, lakini hazisemi neno juu ya sauti, kwa hiyo hakuna aliyeshughulika kuziripoti. Bilauri ya kwanza iligombana na mtu aliyeruka foleni ya maji. Ya nne ilikuwa mama mkwe wa Mizani, mpimaji wa meza ya pili, ambaye aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa mzito, mpole na hakosei. Bilauri ilikuwa ikimsema yeye. Mizani alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akatoka kwenda kumpigia simu. Mama mkwe alijibu kwamba hanywi dawa yoyote, na kwamba mkwe mwenye heshima hasikilizi maneno ya pembeni.

Bilauri ya tatu ilikohoa.

"Daktari, chai iko wapi?"

Mpimaji hakuwa daktari. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyemwita hivyo, na alifanya makusudi, kumchokoza.

"Haijachemka," akajibu.

"Nitasubiri. Kile kigae nyuma ya mlango wa jikoni, Jumamosi nakiweka."

Kigae hicho kilikuwa kikiwekwa Jumamosi tangu wahamie kwenye ile nyumba. Mpimaji akataka kumwambia jambo, akakosa pa kuanzia, na kabla hajapapata kidonge kikawa kimekwisha. Maji yalibaki na rangi ya majani yaliyochujwa. Aliyachota kidogo kutoka kila bilauri, akayapeleka kwenye mashine nyingine, ile inayosoma kilichomo. Ikasoma mitishamba kidogo, unga wa mahindi, na dawa kali ya kutuliza uvimbe ambayo lebo haikuitaja, dawa ambayo mtu hapewi bila daktari wa kweli.

Sasa, sheria ya maabara ni kwamba jibu la kumtia mtu hatiani lazima lirudiwe na mkono mwingine. Chupani vilibaki vidonge vya kurudia mara moja, na vya toleo lile havikuwa vikipatikana tena madukani. Mpimaji aliitia chupa kwenye droo yake, akaifunga, akatia ufunguo mfukoni. Angeweza kuviyeyusha kimoja kimoja, jioni wenzake wakishaondoka. Angemwacha aseme tu, hata kama ni habari za vigae. Alimtamani mume wake kwa namna ambayo kabla ya hapo aliona haya kuitaja, maana walikuwa wameoana zamani na walikuwa wamezoeana mno.

Mkuu wa maabara aliulizia ile chupa. Mpimaji akasema anaumwa kichwa. Mkuu akasema kichwa kipoe haraka, maana ripoti isiyorudiwa haina miguu.

Aliyemgeuza ni Mizani, na hakumsemesha kwa ukali. Alisimama mbele ya droo, akakuna kidevu.

"Mama mkwe anazo chupa mbili nyumbani. Nimemwambia aache kidogo kidogo, kanikatia simu. Karatasi yenye muhuri ataiamini. Mimi haniamini, na wala simlaumu, nilichelewa kulipa mahari."

"Unajua ni nani yumo humo?"

"Najua. Nilikuwepo kwenye harusi yenu."

Mpimaji akampa ufunguo.

Kwa kuwa sheria haikumruhusu kugusa chochote, alisimama upande wa pili wa meza, mikono mfukoni. Mizani alitumbukiza vidonge kimoja baada ya kingine, kama inavyotakiwa, ila safari hii aliiacha bilauri ya tatu iwe ya mwisho.

"Daktari."

"Nipo."

"Mbona umesimama mbali?"

"Sheria za kazi."

"Wewe na sheria zako."

Kasia lilizunguka. Bilauri ya kwanza ilikuwa bado inagombana na watu wa foleni.

"Kwa nini hukuniambia unakunywa vidonge?" mpimaji akauliza.

"Ungenicheka."

"Ningekucheka," akasema. "Halafu ningevipima."

Mizani alikikazia macho kipimajoto, ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

"Jumamosi naweka kile kigae," fundi akasema baadaye, kwa sauti ya mtu anayesinzia.

"Weka, mume wangu."

Ripoti ilipanda ngazi za ofisi ikiwa na miguu yote. Jibu likashuka: kwa kuwa vidonge vya toleo hilo vimekwisha kuliwa na wananchi, hakuna tena hatari kwa wananchi, na jalada limefungwa. Kiwanda kilishauriwa kuboresha lebo. Kikaiboresha, ikawa ya buluu.

Chupa ya buluu ilifika maabara baada ya mvua. Mpimaji alitumbukiza vidonge, akainama na kutega sikio kwenye bilauri ya tatu, ingawa alijua vizuri kwamba marehemu hanywi toleo jipya. Alimkuta mwanamke asiyemjua, akimbembeleza mtoto alale. Bilauri ya sita ndiyo iliyomfanya ainue kichwa.

"Nakuja, nakuja! Honi ya nini?"

Akatazama dirishani. Kule chini, mlinzi alikuwa akikimbilia geti.

Aliteremka. "Shikamoo, mzee. Mbona mbio hivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Ujana umerudi!" Uso wake ulikuwa umejaa, ukawa mviringo. Kumbe hata mpimaji mwenyewe alikuwa amemsifia juzi kwamba amenawiri.

"Unakunywa nini?"

"Sinywi kitu. Nikikwambia utanicheka."

"Sitakucheka."

Mzee akatazama viatu vyake. Kutoka dirisha la juu sauti yake mwenyewe ikasema, "Viko mfuko wa koti, wa kushoto."

"Huyo naye mdomo," mlinzi akasema, akaitoa chupa.

Mpimaji akamwambia asiache ghafla, kwamba kuacha ghafla ndiko kunakoangusha watu, na kwamba kesho asubuhi atampeleka hospitali yeye mwenyewe. Mzee akakubali. Kisha akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara, ambako muuza duka alikuwa akipanga chupa za buluu dirishani, lebo zote zikitazama nje.

"Na zile?"

Mpimaji akazihesabu kwa macho. Alimtamani fundi wake pale pale, mchana kweupe, mbele ya geti, mpaka akashika chuma cha geti. Juu, bilauri zilinyamaza moja moja. Aliisubiri ya tatu, ambayo ilimalizia kubembeleza mtoto, kisha akapanda kwenda kuchota maji ya kupima.