Rafu ya Mama wa Ndizi

Ijumaa moja ya mwezi wa nne, mwaka 1993, saa tisa alasiri, Eunike alikuwa nyuma ya kaunta ya duka la Saadi, mtaa wa pili kutoka Soko Kuu la Arusha, akiizungusha hadi mwanzo mikanda ya video ambayo wateja walikuwa wameileta ikiwa imefika mwisho. Deki ilikuwa inakoroma. Kila mkanda ulipomaliza aliupangusa kwa pamba yenye spiriti, akaurudisha mahali pake.

Mahali pake palikuwa palepale Eunike alipopaamua. Kabla hajaajiriwa, Saadi alipanga mikanda kwa nchi: picha za Kihindi huku, za Kichina kule, na atakayeshindwa kuchagua shauri yake. Lakini tangu biashara ya nje ilipofunguliwa na mizigo kuanza kumiminika kutoka Dubai, mikanda ilikuwa mingi kuliko kumbukumbu za watu, na hakuna mke wa mtu mtaani Kaloleni aliyeweza kutamka jina la picha aliyoiona juzi. Walichokumbuka ni pale walipolia. Basi Eunike aliishusha mikanda yote akaipanga upya kwa vilio, na kwenye kila rafu akabandika kikaratasi: Ndugu Waliotenganishwa. Aliyebeba Kosa la Mwenzake. Ahadi ya Marehemu. Rafu ya chini kabisa, iliyoazimwa kuliko zote, iliandikwa Mtoto Aliyemkana Mzazi.

"Ile ya kaka aliyefungwa kwa kosa la mdogo wake," Kauthar, mke wa fundi cherehani, alikuwa akisema hata hajamaliza kuvuka kizingiti. "Nipe inayofanana nayo."

Eunike alikuwa anaivuta bila kugeuka.

"Ya Wachina hii. Mimi na makonde wapi na wapi?"

"Makonde ni ya mwanzoni tu, shoga. Ngoja saa ya pili."

Kesho yake Kauthar alikuwa anarudi macho yamevimba, ameridhika kabisa. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Saadi alisema binti yule ana kipaji, na alisema kweli.

Ijumaa hiyo mteja alikuwa mmoja, Mama Ephraimu, ambaye mwanawe alikuwa amekwisha kumchumbia Eunike. Alikuwa mtu mwema mwenye sebule yenye zulia na vitambaa vya kushona juu ya kila kiti. Mwezi wa kwanza, katika sebule hiyo, alimuuliza Eunike: "Na mama yako, mwanangu, anafanya kazi gani?" Eunike akatazama zulia. Jibu la kweli lilikuwa refu, lilikuwa na mgomba ndani yake, na mvua, na miaka minne ya kubeba mikungu hadi soko la Tengeru ili mtoto amalize sekondari. Jibu la uongo lilikuwa fupi. Alisema mama yake alifariki, kama baba yake. Mama Ephraimu akamshika mkono, na chai ikaletwa.

Sasa mlango wa duka ukazibwa na mkungu wa ndizi, na chini ya mkungu alikuwa Hanna, mama yake Eunike, aliyetoka kijijini Akheri asubuhi. Udongo mweusi ulikuwa umempanda hadi kwenye vifundo vya miguu. Alitua mkungu, akafuta mkono wa kulia kwenye kanga, akauinua.

Kwao mtoto, hata akiwa mtu mzima, huinamisha kichwa mbele ya mzazi wake, naye mzazi humwekea kiganja utosini. Hanna aliunyosha mkono kwa kimo kilekile alichokizoea, akangoja. Shingo ya Eunike ilianza kuinama yenyewe. Akaizuia.

"Ni mama anayetuletea ndizi," alimwambia Mama Ephraimu, ambaye hakuwa ameuliza kitu.

Hanna alimtazama bintiye. Kisha akamtazama yule mama mwingine, mkoba wake, viatu vyake, na akaelewa yote kwa mara moja.

"Ndiyo," alisema. "Naleta ndizi."

Akatoka. Mkono wake ulikuwa bado uko juu. Eunike aliuburuta mkungu hadi chini ya kaunta.

Jumatatu, Kauthar alirudisha mkanda wa Kihindi kutoka rafu ya chini, ule wa kijana anayekuwa hakimu halafu anamfukuza mama yake mahakamani.

"Nzuri," alisema. "Na yule mama wa ndizi pale pembeni kaniliza kuliko wote. Kuna nyingine aliyocheza?"

Eunike alisema ataangalia. Kauthar alipoondoka, aliuweka mkanda kwenye deki. Kwenye ngazi za mahakama, kati ya mawakili wenye majoho, Hanna alikuwa ameketi juu ya kigunia. Mkungu uko miguuni, mkono wa kulia uko hewani. Mawakili walipita wakiukwepa. Eunike alibonyeza kitufe, picha ikazimika, mama yake akabaki kwenye kioo kwa muda kidogo, kisha naye akazimika.

Akajaribu mkanda wa pili wa rafu ile, wa Kichina. Hanna alikuwa kwenye ua wa nyumba ya wageni, chini ya taa za karatasi. Watu wanne wenye panga walirukiana juu ya kichwa chake, na mmoja, alipotua karibu na ndizi, alizisogeza kwa mguu taratibu kabla ya kumkata mwenzake. Kwenye mkanda wa tatu alikuwa kwenye kituo cha treni. Rafu nzima ilikuwa hivyo. Kwenye rafu nyingine hakuwemo hata katika mkanda mmoja.

Saadi alikagua makasha, hakuona jina la mwigizaji huyo. Alisema huko Asia waigizaji wadogo hawaandikwi, ni dhuluma, lakini ndiyo desturi yao. Akaagiza mikanda zaidi ya aina hiyo. Wateja hawakutumia tena kikaratasi cha Eunike. Walisema rafu ya Mama wa Ndizi, na ikawa ndilo jina lake.

Walichokipenda zaidi ni mwisho. Katika picha hizo zote mtoto anarudi, anapiga magoti, wanakumbatiana na mama yake, muziki unapanda, maneno yanapita. Lakini Hanna hakuwa mama wa yeyote kati ya hao. Maneno yalipokwisha kupita, alibaki peke yake kwenye ngazi, au uani, au kituoni, mkono uko juu, hadi mkanda wenyewe ulipoisha. Watu walikuwa hawazimi. Familia nzima ilikaa kimya na kumtazama akingoja.

"Mtoto wake hatokei," Kauthar alisema. "Itakuwa yuko kwenye sehemu ya pili. Mnayo?"

"Haijafika," Eunike alisema.

Aliwajibu hivyo wote, miezi saba mfululizo. Alijua ni siku gani ndizi za Akheri zinauzwa Tengeru. Alijua magari yanaondokea wapi. Jumapili baada ya Jumapili alikaa kanisani karibu na Ephraimu, na ilipofika sala ya kuungama dhambi aliisoma kwa sauti ndogo kuliko wenzake, akijiambia wiki ijayo atakwenda.

Hanna ndiye aliyekuja. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, duka limejaa. Mama Ephraimu alikuwepo, maana ndoa ilikuwa imetangazwa kanisani mara mbili na alikuja kuzungumza juu ya vitambaa. Kauthar alikuwepo, na msichana mmoja aliyeitwa Nanyori, wa Oldonyo Sambu, aliyekuwa akisoma chuoni Tengeru. Hanna aliingia bila mkungu. Mkono wake wa kulia ulikuwa hewani, kwa kimo kilekile. Kanga alikuwa ameifunga kwa mkono mmoja, fundo limelegea. Alikuwa amekonda.

"Ni yeye," Kauthar alisema kwa sauti ya kawaida, akamsogezea kiti. "Karibu mama. Umetutoa machozi sana."

"Sokoni wameniambia niko kwenye sinema," Hanna alisema. "Mimi sina habari nayo. Nyumbani hakuna umeme." Alikaa. "Ila huu mkono haushuki tangu mwezi wa nne. Silimi. Migomba jirani ndiye anayenikatia."

Watu wakampa pole. Kila mmoja alifahamu mtu aliyewahi kuugua mkono. Mama Ephraimu alimtajia dawa ya kuchua. Nanyori alimwona mtu mzima ameinua mkono, naye akafanya alivyolelewa: alisogea, akainamisha kichwa chini ya kile kiganja, akangoja. Mkono haukushuka. Ulibaki juu ya nywele zake, nafasi ya vidole vinne hivi. Nanyori akainuka.

"Kumbe mkono huu una mwenyewe," alisema, wala hakukasirika.

Hanna aligeukia kaunta. Hakuita jina. Alimtazama Eunike jinsi mteja anavyomtazama mwenye duka, na ndani ya macho yale hamkuwa na lawama hata kidogo. Heri ingekuwemo.

"Dada," alisema. "Nimesikia ipo sehemu ya pili. Ile ambayo mtoto anakuja."

Kaunta ilikuwa na upana wa mkono mmoja. Eunike angeinama tu, hapo hapo alipo, paji la uso likagusa daftari la wateja, na kile kiganja kingemfikia. Alihesabu watu waliomo dukani. Aliona mkoba wa Mama Ephraimu. Aliona namna zulia litakavyokunjwa, vitambaa vitakavyoondolewa kwenye viti, uso wa Ephraimu. Shingo ilimuuma kwa kukazwa.

"Haijafika," alisema.

"Haijafika," Hanna alirudia, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari za mvua. "Basi nipe inayofanana nayo."

Eunike alivuta mkanda kutoka rafu ya chini bila kuangalia ni upi. Akafungua daftari, maana mikanda haitoki bila kuandikwa, na Saadi alikuwa anatazama.

"Jina?" akauliza.

Akheri nzima humwita mama yule kwa jina la mwanawe, wala hana mtoto mwingine. Hanna alifungua mdomo, jina likafika, akalimeza.

"Andika Hanna tu."

Aliupokea mkanda kwa mkono wa kushoto na kuomba radhi kwa kutumia mkono huo. Kisha akatoka, na watu wawili barabarani wakamsalimia kwa heshima wakidhani amewapungia.

"Mama mwenye adabu," Mama Ephraimu alisema. "Sijui huyo mtoto wake ni mtu wa namna gani."

Eunike aliandika tarehe.

Eunike na Ephraimu walioana mwezi wa kumi na mbili, na harusi ilipendeza. Mzee wa kanisa alisimama mahali pa wazazi wa bibi harusi. Saadi alipiga picha za video mwenyewe, kwa kamera mpya, na walipoketi sebuleni kuutazama mkanda huku wakila, Hanna alikuwemo. Aliketi juu ya kigunia kando ya mlango wa kanisa, ingawa siku hiyo alikuwa Akheri na hakuna aliyemwalika. Maharusi walipita mbele yake. Mama Ephraimu alisema ni jambo zuri kupata mtu maarufu kwenye harusi. Ephraimu akaomba chumvi.

Saadi alitoa nakala moja akaiweka dukani, kwenye rafu ya chini. Haikukaa. Kauthar aliiazima wa kwanza, akairudisha kesho yake, ameitazama hadi mwisho, hadi pale kanisa limefungwa, watu wamekwenda kula, na mama yuko peke yake mlangoni na mkono wake.

"Eunike, shoga," aliuliza. "Hii ndiyo sehemu ya pili?"

Eunike aliupokea mkanda, akauingiza kwenye deki, akabonyeza uanze kuzunguka kurudi mwanzo.

"Hapana," alisema. "Ni ileile."