Fungu la Tupokigwe

Andongwisye alikuwa amefika fungu la kumi na saba. Alikusanya mchicha mkono mmoja, akaulaza juu ya majani ya maboga, akapanga karoti tatu, akazungusha kamba ya mgomba iliyolowekwa tangu jana na kuikaza kwa meno. Kando ya kila fungu aliweka papai moja lililoanza tu kugeuka rangi, ili lifike nyumbani bila kupasuka. Mafungu yalipaswa kuwa ishirini na matatu kwa sababu kadi zilikuwa ishirini na tatu, na wanawake wa kwanza walikwisha kuketi nje ya ua, wamenyoosha miguu, watoto mapajani.

Ilikuwa Isongole, mwaka mmoja baada ya ile njaa ya arobaini na tisa. Mvua ilikuwa imerudi na mahindi pia, lakini watoto wengi wa vilimani walibaki na macho makavu na vidonda midomoni. Dresa, mtoa dawa wa zahanati, alisema ugali na chumvi hujaza tumbo tu, mwili unabaki na njaa yake. Mboga sokoni hazikukosekana, ila wachuuzi walizivusha mto Songwe kwa bei ambayo mjane hakuweza hata kuiuliza. Ndipo boma likafungua bustani kando ya mfereji na kuandikisha kaya zisizojiweza. Mwenye kadi alilipa senti tano, na serikali ikalipa zilizobaki.

Mtunzaji wa kwanza wa bustani hiyo alidumu miezi miwili, akafukuzwa kwa kuwagawia dada zake kabichi. Wazee wa baraza wakamtaja Andongwisye wa Mbebe, mgane, mtu wa maneno machache aliyejifundisha kusoma kwa kitabu cha nyimbo cha kanisani. Bwana Shamba alimvika ufunguo wa stoo shingoni na kumwambia usitoke hapo. Naye aliapa kwamba hata jani moja halitakwenda kwa mtu wake pasipo kanuni.

Kadi ya kumi na tisa ilikuwa ya mtu wake. Ilikuwa ya Tupokigwe, mkamwana wake, mjane wa mwanawe Ambilikile aliyefia migodi ya shaba upande wa Rhodesia.

Kwao vilimani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mwanamke akisikia baba mkwe yuko njiani huingia majanini na kujifunika uso. Jina lake hata halitamki. Naye mzee akikaribia kona hukohoa, ili ampe nafasi ya kujificha. Hapo hapana chuki. Ni heshima, na katika miaka sita Andongwisye aliihesabu heshima ya Tupokigwe kama mali yake. Sura yake hakuijua. Alichokijua ni kaniki yake yenye kiraka chekundu mgongoni, ikitoweka kila mara nyuma ya kitu fulani. Mchungaji alikuwa amehubiri kwamba Mkristo anaweza kuiacha desturi hiyo, lakini mke wa mchungaji mwenyewe aliingia migombani kila baba mkwe wake alipopita.

Mjukuu ni jambo jingine. Nesta, binti wa Tupokigwe, alikuwa na miaka minne na utani wa kumwita babu yake mume wake mzee mwenye mapengo. Krismasi iliyopita Andongwisye alikwenda Mbebe, mtoto akashinda akimrukia mabegani. Jua lilipoanza kuzama alimnyooshea kiazi kilichochomwa. Nesta alitabasamu, akanyoosha mkono, akashika hewa. Andongwisye alisogeza kiazi mpaka kikagusa vidole vyake. Alirudi Isongole akamweleza dresa, naye dresa akasema hayo ndiyo macho anayoyaogopa, yasiyoona giza likiingia, ampatie mapapai na majani mabichi mapema. Ni Andongwisye aliyeomba jina la mama wa mtoto liandikwe.

Ijumaa tatu za kwanza Tupokigwe hakutokea. Andongwisye hakushangaa. Kila mara alitenga fungu lake chini ya paa, na kila mara Hezron, karani aliyeletwa kutoka Tunduma, alimwomba alifungue na kuzipeleka mboga sokoni. Kanuni ilitaka mwenye kadi aje mwenyewe, na mtoto wake, aonekane. Kabla ya kanuni hiyo bwana mmoja alikuwa amekusanya kadi tano za shangazi zake na kwenda kuyauza mafungu yote ng'ambo ya mto.

Ijumaa hiyo, ya nne, waligawa mafungu kumi na saba kabla jua halijawa kali. Sita yaliyobaki Andongwisye aliyaingiza stoo yasinyauke, akafunga kufuli kama kawaida, akaketi kuwasubiri waliochelewa. Ndipo alipokiona kiraka chekundu. Kilikuwa kati ya migomba, upande wa pili wa ua, kimetulia kabisa.

Furaha ilimpanda mpaka akaionea aibu. Amekuja. Ametembea kutoka Mbebe na mtoto mgongoni, na sasa kilichobaki ni yeye mzee kumpisha. Alisimama, akakohoa, akamwambia Hezron anakwenda kuangalia mfereji.

"Sasa hivi, mzee?"

"Maji yamepungua."

Maji hayakuwa yamepungua. Alipanda kufuata mfereji mpaka pale yanapochepushwa kutoka mtoni, akaketi juu ya jiwe. Alipima moyoni muda wa mwanamke kutoka migombani, kuonyesha kadi, kulipa, kufunga mzigo na kuipita kona ya njia. Kisha akaongeza muda mwingine kama huo, maana si adabu kumfanya mkamwana akimbie na mzigo. Aling'oa magugu kingoni mwa mfereji. Aliimba wimbo mmoja wa kanisani beti zote. Jua lilipoanza kulala akateremka, akikohoa kila baada ya hatua chache.

Ua ulikuwa mtupu. Hezron alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa stoo, mikono juu ya magoti.

"Ufunguo, mzee," alisema.

Andongwisye akajigusa kifuani. Ulikuwepo.

Hezron hakupandisha sauti. Alisema wanawake sita waliketi wakangoja, kwamba alimwita mara tatu kwa nguvu lakini mfereji una kelele, na kwamba yule wa Mbebe alikaa mpaka kivuli cha paa kikafika miguuni pake. Kisha mwanamke akasema mtoto wake haoni kitu jua likizama, na njia ya kwao ina mawe, akamfunga mgongoni, akaenda.

Kumfuata njiani hakukuwezekana. Baba mkwe hamkimbizi mkamwana. Kumtuma mtu kulivunja kanuni na kiapo. Andongwisye alisimama na ufunguo mkononi, akajiambia kwamba Ijumaa ni siku inayorudi.

Tangu wiki iliyofuata aliuacha ufunguo juu ya meza ya karani kila Ijumaa, akashinda mferejini tangu asubuhi. Wale watano wengine walirudi wakachukua vyao. Tupokigwe hakurudi. Ijumaa nne zilipita. Mzee alijiambia njia zina utelezi, na huenda majani ya kunde yameshapatikana huko kwao. Mtu akiogopa jibu hujitafutia mengi mengine.

Jumatano moja alikuwa akipalilia karoti alipofika Sekela, jirani ya Tupokigwe, mwanamke ambaye hata msibani hukosi kumsikia akimtania mtu.

"Baba Ambilikile," alisema, "bustani yako imenona. Hata mbuzi wa Isongole wanakusifu."

Andongwisye akacheka, akamletea kigoda, akauliza habari za nyumbani. Sekela hakuketi. Akamweleza akiwa amesimama, akiangalia karoti. Jicho la kulia la Nesta lilikuwa limepata kidonda, kisha likafunga weupe, kama mtindi. Walimpeleka kwa dresa juzi. Dresa alisema hilo halitarudi. La kushoto limeanza kukauka, lakini bado lipo, na likipata chakula chake laweza kubaki.

Andongwisye aliweka jembe chini polepole. Akauliza kwa nini mama wa mtoto hakurudi kuchukua fungu.

"Arudi wapi? Alikuona umemwona. Ukainuka, ukaondoka na ufunguo shingoni, ukakaa huko mpaka jua likainama. Wewe ungeelewaje?"

"Niliondoka ili apite."

"Mimi najua. Yeye hajui." Sekela akashusha sauti. "Mwaka jana alikataa kurithiwa na mdogo wake Ambilikile. Hukusema neno, wala usingeweza kumwambia. Sasa anadhani ule ufunguo ndio neno lako."

Andongwisye alisema kwamba hakuwahi kumkasirikia. Yule mdogo mtu alikuwa mlevi, na yeye mzee alifurahi moyoni mwanamke alipokataa. Alisema hayo akiziangalia karoti, kana kwamba zilikuwa mashahidi.

"Mmeheshimiana, baba," alisema Sekela. "Mmeheshimiana mpaka mtoto amepoteza jicho."

Hezron, aliyekuwa mezani, aliacha kuandika.

Mzee aliingia chumbani kwake, akatoka na fundo la kitambaa. Alimwomba Sekela apite sokoni anunue mapapai na karoti kwa bei ya soko, bei ya mtu yeyote, asigusie kadi. Na alipokuwa akilifungua fundo hilo vidole vyake vilisimama. Mshahara wake ulikuwa humo siku zote. Tangu Ijumaa ya kwanza angeweza kufanya hivi, bila kanuni, bila kiapo, bila kuonana na mtu. Lakini aliishi katikati ya mboga za serikali, akazihesabu na kuzifunga, na kwake mboga zikawa kitu cha kugawiwa. Kununua hakukumjia kichwani hata mara moja. Alimpa Sekela fundo lote.

Sekela alilipokea, kisha akamrudishia nusu.

"Nitanunua. Lakini hatampa mtoto. Ameshasema kitu cha mtu mwenye hasira hakiingii kinywani mwa mwanawe."

"Mwambie sina hasira."

"Nikimwambia mimi atasema ninamliwaza. Ninamliwaza kila siku, ameshanizoea." Akafikiri. "Inabidi asikie kwa kinywa chako."

Andongwisye akauliza hilo litawezekanaje. Sekela akasimulia habari ya bibi yake mwenyewe mzaa mama, ambaye baba mkwe wake alipokuwa anakata roho walisimamisha ukuta wa matete kati yao, wakaongea hivyo asubuhi nzima, na hakuna aliyesema wamevunja mila. Ukuta hauna macho. Mzee aliitafakari habari hiyo kwa muda mrefu, kama alivyotafakari kila kitu. Hatimaye akasema Ijumaa ukuta utakuwepo, kati ya meza ya karani na migomba, naye atakaa upande mmoja tangu asubuhi. Tupokigwe aje na mtoto, apokee fungu lake upande wa pili. Asijibu kama hataki. Asikilize tu.

"Nitamwambia," alisema Sekela, akitupia kikapu begani. "Kuja sikuahidi. Ameshatembea njia hii mara moja, na unajua alirudi na nini."

Akaenda. Andongwisye alichukua panga, akashuka bondeni kukata matete. Mzigo wa kwanza aliuleta kichwani, wa pili pia. Aliporudi na wa tatu alimkuta Hezron anachimba mashimo ya nguzo kwa jembe la bustani, viatu vyake vya ofisini amevivua na kuviweka juu ya meza, kando ya daftari. Kwao Tunduma, alisema karani, mambo haya hayakazwi sana siku hizi. Mama yake na babu yake mzaa baba husalimiana, japo kwa kuangalia pembeni. Hakusema kwa dharau. Alitaka tu kujua shimo liwe na kina gani.

Walisimamisha nguzo nne. Andongwisye akaanza kusuka matete kutoka chini, akiyabana sana, kila mara akirudi nyuma kuhakikisha mwanga haupenyi. Hezron alishika, yeye akafunga. Katikati ya kazi mzee alianza kutafuta maneno. Hakuwa amewahi kumwita kwa sauti. Jina lake aliliandika tu, mara moja, kwenye karatasi ya kuomba kadi. Alijaribu kusema "mkamwana wangu", likasikika kama neno la barazani. Alijaribu "mama Nesta". Akafika hapo, asijue linalofuata. Aseme kwanza habari ya ufunguo, au ya yule mlevi, au ya jicho? Na kama mtoto atakuwepo, akisikia sauti ya babu yake nyuma ya matete, atakuja mbio kumtania, na atakuja akigeuza kichwa upande ili aone kwa lile lililobaki.

"Mzee," alisema Hezron, "umekaza sana. Kamba itakatika."

Akalegeza.

Jua lilipogusa kilima ukuta ulikuwa umefika kifuani mwa mtu mzima. Mwanamke aliyesimama upande wa pili angeonekana bado. Matete yaliyokatwa yalikuwa yamekwisha na kamba zilizolowekwa pia. Hezron alivaa viatu vyake, akauliza kama arudi asubuhi na mapema. Andongwisye alisema aje, na aje na panga la pili kama analo, maana kesho Alhamisi watashuka bondeni mapema na ukuta lazima umalizike kabla ya jioni.