Pacha Aliyehama Chuo

Matokeo yalipobandikwa nje ya kitivo, Mkia hakusogea. Alisimama nyuma ya msongamano wa wanafunzi, mkoba begani, akamwacha pacha wake apenye mbele awasomee wote wawili. Alimwona kaka yake akipitisha kidole kwenye karatasi, kikasimama mahali, uso ukamng'aa. Kisha kikashuka, kikasimama tena, na uso ukafifia. Hapo akajua.

"Mekanika umeanguka," kaka yake alisema aliporudi. "Na hisabati. Na ile ya umeme."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa, nimesikia."

Alisubiri moyo umwume. Haukuuma. Alisubiri machozi, nayo hayakuja. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, lakini wenyewe hauna habari nawe.

Jina la Mkia alipewa na shangazi yake siku walipozaliwa. Kaka alitangulia, yeye, msichana, akafuata baada ya muda unaotosha kuchemsha chai, na shangazi akasema, "Mkubwa huyu hapa, na mkia wake huu." Watu wakacheka, jina likaganda. Tangu siku hiyo walikuwa chanda na pete. Walikalia dawati moja, wakaugua surua pamoja, wakapigana wao kwa wao na kumpiga pamoja yeyote aliyeingilia. Waliposema watasomea uhandisi wa mitambo, hakuna aliyeuliza ni nani kati yao aliyelitaka hilo kwanza. Baba yao alikuwa fundi wa lifti. Maisha yake aliyapitisha ndani ya majengo ya watu, kichwa kikiwa kwenye shimo lenye giza na mikono ikinuka grisi, na walipochaguliwa kuingia chuoni aliwaambia majirani kwamba nyumba yake itatoa wahandisi wawili kwa mpigo mmoja, maana pacha ni kama mkasi, haukati kwa upande mmoja.

Muhula ule wa kwanza Mkia aliuanza vizuri tu. Darasa lilikuwa ukumbi mkubwa wa viti vinavyopanda kama ngazi, na mhadhiri alionekana mdogo kule chini, sauti yake ikitoka kwenye spika zilizokwaruza. Wiki za mwanzo alifuata. Baadaye kidogo alifuata nusu. Halafu akawa ananakili tu, mkono ukienda wenyewe, kichwa kimebaki nyuma kama mtu aliyekosa basi na bado anakimbia kwa adabu.

Kilichomsaidia, au alichodhani kinamsaidia, ni kaka yake. Kila jioni baada ya kula bwaloni, kaka alifuta meza kwa kiganja, akapanga vijiko na vichupa vya chumvi, akaanza kumfundisha. Kijiko hiki ni boriti, kichupa hiki ni mzigo, kidole changu ni kani inayosukuma kutoka chini. Mkia aliuliza kwa nini. Kaka akaeleza. Akauliza tena kwa nini, kaka akakuna kichwa, akaanza upya kwa njia nyingine, mpaka akapiga meza kwa furaha na kusema, "Unaona?" Mkia aliitikia kwa kichwa. Alichokiona ni kwamba kaka yake ameelewa. Yeye alikuwa palepale.

Kisha ikaja siku ya ubaoni. Mhadhiri wa mekanika alikuwa mtu nadhifu, mpenda mzaha, na mzaha wake ulihitaji mtu wa kuangukia. Alimwita Mkia akamalize hesabu mbele ya darasa zima. Mkia alishika chaki, akasimama, na hesabu ikamtazama. Mhadhiri akamwangalia yeye, akamwangalia kaka yake aliyeketi mstari wa mbele, akasema:

"Sura mmegawana sawasawa. Akili, inaelekea kaka yako alitangulia nayo."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mkia naye alitabasamu, kwa sababu mtu akichekwa na watu wengi namna ile, uso hutafuta pa kujificha. Alipogeuka kurudi kitini alimwona kaka yake. Alikuwa anacheka. Kicheko kifupi, cha kuponyoka, naye alikikata mara moja na kuinamisha kichwa. Lakini kilikuwa kicheko.

Hakukasirika. Angekasirika pengine ingekuwa afadhali. Kitu fulani ndani yake kilizima tu, bila kelele, kama mtu anavyozima taa ya chumba anachotoka. Kuanzia hapo alihudhuria siku moja, akaacha mbili. Alikaa kitandani bwenini akilitazama kabati. Msichana aliyelala kitanda cha juu, mwanafunzi wa upimaji ramani, alimletea mkate na chai akaviacha kwenye kiti, na jioni akarudi akavikuta vilevile, chai imeweka utando. Alimwuliza kama anaumwa. Mkia akasema hapana. Na ulikuwa ukweli, maana anayeumwa husikia maumivu. Mitihani aliifanya kama mtu anayejaza maji kwenye pakacha.

Wakati wa likizo alimsaidia mama yake dukani. Mama alikuwa dobi, mwenye duka dogo la kufua na kupiga pasi, nguo za watu zimening'inia ndani ya nailoni kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Mkia alipewa mashati. Alilitandaza shati jeupe la mwalimu mmoja, akaweka pasi juu yake, akaitazama. Aliona ukingo wa kitambaa ukigeuka rangi ya chai. Aliona moshi. Hakuwa ameenda mbali kimawazo, alikuwa palepale anaangalia, ila hakukuwa na kitu cha kuuambia mkono uinuke.

Mama alivuka duka, akachomoa waya ukutani, akainua pasi. Hakufoka. Alilikunja lile shati upande ulioungua ukaingia ndani, akakaa kwenye kigoda.

"Haya. Niambie."

"Sitaki kurudi pale, mama."

"Uhandisi umekushinda?"

"Sijui kama umenishinda. Sijui hata kama ninaupenda. Pale ndipo sitaki."

"Kaka yako anajua?"

"Hajui."

Mama aliligeuza lile shati mapajani. Kisha akasema kwamba aliwabeba wote wawili tumboni, na humo humo walikuwa wakipigana mateke kugombea nafasi, kwa hiyo asione ajabu mmoja akitafuta chumba chake. Akasimama kwenda kufikiria atamwambia nini mwenye shati.

Baba aliambiwa jioni ileile, kaka yake akiwa hayupo. Alikula, akanawa, akauliza swali moja: kama kuna mtu aliyemgusa au kumtishia huko chuoni. Mkia akasema hapana. Baba akauliza tena, safari hii akimtazama usoni, naye akajibu vilevile. Basi, mzee akasema, lililobaki ni kazi. Juma lililofuata aliomba ruhusa kazini, akavaa shati la kola, akaongozana na binti yake kutoka ofisi hadi ofisi. Walikaa kwenye mabenchi ya ukutani. Waliambiwa mhusika ametoka, mhusika amerudi lakini yuko kikaoni, mhusika si huyu bali yule. Baba hakulalamika, alitazama lifti ya jengo la utawala ikifunguka na kufungika, akanong'ona kwamba mlango ule unachelewa, watu wameutelekeza. Mkia alitaka kucheka na hakuweza. Mwishowe chuo kimoja kidogo, katika mji mwingine, kilikubali kumpokea, kwa sharti kwamba masomo aliyoanguka atayaanza upya na wanafunzi wapya. Msajili alimwuliza kama ameridhika na sharti hilo. Alisema ameridhika, kwa sauti ileile ambayo angesema hajaridhika.

Kaka yake alikuja kulijua wakati begi lilikuwa tayari limefunguliwa juu ya kitanda.

"Ungeniambia," alisema akiwa mlangoni.

"Ungenizuia."

"Ndiyo, ningekuzuia. Muhula huu ningekufundisha zaidi. Tungeanza mapema."

"Siku ile ya ubaoni ulicheka."

Kaka yake alifungua mdomo kukana, akaufunga. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda. Alisema kwamba alijua atakuja kuulizwa, na kwamba usiku ule hakulala. Mkia alimsikiliza. Alitafuta ndani yake msamaha, akatafuta na chuki, akakuta pote patupu. Alimwambia hana kinyongo, na kwa kadiri alivyojijua haikuwa uongo. Kaka akazitoa nguo za dada yake zilizotupwa ovyo begini, akazikunja upya moja moja kama alivyofundishwa na mama, akazipanga, akafunga zipu. Akambebea mpaka stendi.

Chuo kipya kilikuwa majengo machache ya matofali na karakana moja ndefu yenye paa la bati. Mkia hakushukiwa na muujiza. Aliamka, akaenda darasani, akakaa mstari wa katikati. Darasa lilikuwa dogo hata mhadhiri aliweza kujua nani hayupo. Hapakuwa na mtu aliyejua kwamba ana pacha. Mwenzake wa bwenini alipomwuliza wamezaliwa wangapi kwao, alijibu wawili, basi. Katika mekanika aligundua kwamba hawezi kuelewa kitu kabla hajakichora, kwa hiyo alichora kila kitu, pole pole, wenzake wakimaliza na kuondoka. Zamani, kabla penseli haijagusa karatasi, kaka yake alikuwa ameshajibu.

Karakanani kulikuwa na mkufunzi, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, ambaye hakusifu wala kutukana. Aliwapa kila mmoja kipande cha chuma wakibane kwenye jiliwa la mezani na kukisugua kwa tupa hadi kiwe mraba. Mkia alisugua siku nyingi. Mkufunzi alikiinua kipande chake, akakitazama kwa mwanga wa dirisha, akasema upande mmoja bado, akaenda kwa mwanafunzi mwingine. Mkia akarudi kusugua. Hakufurahi, hakuhuzunika. Lakini kila siku alirudi, na hilo lenyewe lilikuwa geni.

Muhula ulipofika katikati, kaka yake alitokea bila kuarifu. Mkia alitoka karakanani na kumkuta amesimama kwenye kivuli cha ukuta, amekonda, kola imempwaya. Walikwenda mgahawani, wakaagiza chai. Mhudumu aliwatazama mara mbili, akatabasamu peke yake.

Kaka alizungusha kikombe, akaanza kueleza. Majaribio yote ya muhula huu ameanguka. Si moja, yote. Mwanzo alidhani ni bahati mbaya. Anasoma, anafunga kitabu, na hakuna kilichobaki.

"Nikawa najiuliza kulikoni," alisema. "Mpaka jioni moja nikajikuta nimepanga vichupa vya chumvi mezani, peke yangu, na watu wananitazama. Nilikuwa sikufundishi wewe. Nilikuwa najifundisha mimi, kwa maswali yako. Ukiniuliza kwa nini, ndipo nilipokuwa nafikiri."

Mkia alikiweka kikombe chake mezani. Mtu mwingine angefurahi kidogo, hata kama ni kwa kuona haya. Mtu mwingine angelia. Alijipekua, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakukuta patupu kabisa. Palikuwa na kitu kidogo kisicho na jina, kizito kama sarafu mfukoni mwa koti.

"Rudi," kaka yake alisema. "Nimeshauliza. Watakupokea."

"Sirudi."

"Mimi nifanyeje, basi?"

Alifikiri. Nje wanafunzi walikuwa wakipita na ndoo za grisi. "Nipigie simu jioni ukishakula. Unieleze ulichosoma, mimi nitakuuliza kwa nini. Lakini masomo yangu usiniulize. Yangu nitayasoma mwenyewe."

Kaka yake aliitazama chai. Akasema ni sawa. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba siku ile darasani, kabla ya aibu, alijisikia mkubwa, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mkia alimsogezea sukari.

Alimsindikiza stendi. Basi lilipoondoka alitaka kugeuka aende zake, na ndipo aliposikia viatu vyake vinambana. Vilimbana vidoleni na kisiginoni, vibaya sana, na kwa namna ngozi ilivyochubuka vilikuwa vimembana tangu zamani. Aliketi kwenye benchi, akavivua, akaweka miguu juu ya saruji iliyokuwa bado na joto la mchana. Alikaa hivyo mpaka abiria wa basi jingine wakaanza kupanga foleni mbele yake.

Simu iliita. Mama alitaka kujua kama kaka yake amefika salama, na kama ameshaondoka, na anaonekanaje.

"Amekonda," Mkia alisema.

"Na wewe?"

Aliitazama miguu yake.

"Viatu vinaniumiza, mama."

Upande wa pili kulisikika mvuke wa pasi na sauti ya mteja akiulizia suruali. Mama aliweka pasi chini, kama mtu anayesikiliza kitu nyuma ya maneno.

"Vinauma sana?" aliuliza.

"Sana."

"Haya, mwanangu," mama akasema. "Haya."