Mlango wa Mzee Mniko

Hasira zangu zinajulikana, sizifichi. Mume wangu Mseti husema ningezaliwa mwanaume ningeshafungwa. Lakini ile miezi minne ya kuzungushwa kibali cha kugawa bafu, hata malaika angetukana.

Baba mkwe wangu, Mzee Mniko, tulimchukua kutoka Itiryo baada ya kuvunjika nyonga. Sisi Wakurya tunajua: mkwe na mke wa mwanawe hawaingii bafu moja. Mimi nikioga mle, yeye haingii, na nikimkuta mle ni aibu isiyofutika. Bafu letu lilikuwa moja, la ndani, lenye choo. Mwanzoni alikwenda porini na fimbo yake. Halafu pori likafyekwa lote, watu wakajenga nyumba za tegesha: kuta nne na bati, hakuna anayelala ndani, mwenyewe anategea tu fidia siku mgodi ukichukua eneo. Mzee akabaki bila kichaka. Akawa anajizuia mpaka mimi nitoke nyumbani. Nikagundua, basi mara nne kwa siku nikawa najifanya naenda kusalimia watu. Mwanamke mzima, nazurura njiani bila shughuli.

Dawa ilikuwa ndogo. Tukate bafu katikati kwa ukuta, mzee apate choo chake na mlango wake wa kutokea uani. Tofali mia mbili. Lakini nyumba yetu ilishafanyiwa tathmini ya fidia, ina namba nyekundu ukutani, na amri ilisema asiongeze mtu hata tofali bila kibali.

Nikaenda ofisi ya ardhi. Afisa aliitwa Nashoni, kijana wa hukuhuku, shati limepigwa pasi. Akataka ramani. Nikaleta ramani. Akataka barua ya mtendaji, nikaleta. Akataka picha ya ukuta. Mara ya tano nikamweleza habari ya mkwe, yote, huku nimeinamisha macho, maana si jambo la kusemea ofisini.

Akatabasamu. "Mama, siku hizi kila mtu ana baba mkwe."

"Wewe ni Mkurya au siyo?"

"Kazini mimi ni mtumishi. Sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma."

"Na kwa jirani yangu Kisyeri imeng'oka meno? Ana nyumba kumi na moja za tegesha, hata kuku halali ndani. Alikuomba kibali lini?"

Akafunga faili langu. Kisyeri hakuomba, ndiyo maana hakuwa na faili la kumkwamisha. Mimi mjinga niliyeomba ndiye nikawa wa kuchunguzwa. Niliondoka nasonya.

Alhamisi moja mchana natoka kwenye matembezi yangu ya uongo, nikamkuta Nashoni uani kwangu, anahesabu tofali nilizokwisha kununua. Amekuja na karatasi ya zuio. Eti nimekusanya vifaa vya tegesha. Nikasahau kwamba mzee yuko bafuni. Nikampandishia sauti pale pale.

Mzee akaisikia sauti yangu. Akajua nimerudi. Akaharakisha kutoka kabla sijaingia, na ile nyonga yake. Tukasikia kishindo, ndoo ikabiringika, halafu akaguna.

Nilikimbia mpaka mlango wa bafu nikasimama. Mkono ukawa kwenye kitasa, haukugeuka. Mzee akasema kutoka ndani, taratibu, "Mama Neema, usiingie. Niko vibaya."

Mseti alikuwa chini mgodini hadi jioni. Nikatoka uani nikaita. Nimwite nani? Nyumba thelathini zimetuzunguka, hazina mtu hata mmoja. Naita kuta. Nikageuka, nikamwona Nashoni amesimama na karatasi yake.

"Ingia umwinue," nikamwambia.

"Mama, mimi nimekuja kikazi."

"Kazi yako ndiyo hiyo iko chini kwenye sakafu. Mimi siwezi kuingia, na wewe unajua kwa nini siwezi. Umejua tangu siku ya kwanza."

Akanitazama. Akaweka karatasi juu ya tofali, akakunja mikono ya shati.

Nilibaki nje nimeshika kichwa, nalia kwa hasira. Nilimsikia anasema, "Shikamoo, baba. Nishike shingoni." Nikasikia maji yanamwagwa, mara nyingi. Alikaa mle muda mrefu. Alipotoka, shati lilikuwa limelowa na kuchafuka mpaka kifuani, na alikuwa amemvalisha mzee kanzu ya Mseti na kumlaza chumbani kwake. Aliomba sabuni. Nikampa. Akanawa, akapanda pikipiki yake bila kuniaga. Karatasi ya zuio akaiacha, haijasainiwa.

Sikusubiri kibali. Jumamosi fundi Simioni alivunja ukuta. Jumatatu, tofali zimefika kiunoni, Nashoni akatokea na wenzake wawili, wanakagua nyumba kwa nyumba na kopo la rangi nyekundu, la kupigia X nyumba za tegesha zisilipwe fidia. Simioni akadondosha mwiko. Mimi nikasimama mbele ya lile tundu la mlango mpya, nimejiandaa kwa lolote.

Mwenzake mmoja akauliza, "Hapa vipi, tupige X?"

Nashoni akalitazama lile tundu. "Hapa pana mtu anaishi," akasema. Kisha akawaongoza kwenye nyumba za Kisyeri.