Zulia la Ami Nasser

Maji ya ziwa yalipoingia mtaa wa Ruziba mpaka vyumbani, Shangazi Ghanima alihamia mtaa wa Bwiza kwa Nura, binti wa kaka yake, akiwa na nguo za mwilini na mfuko wa dawa za presha. Mumewe, Ami Nasser, alimfikisha mlangoni, akanywa chai kwa kusimama, akasema anarudi kuchukua zulia lao la sufu.

Jioni majirani wawili wa Ruziba walileta zulia. Mwenyewe hawakumleta. Walisema walitangulia na mzigo, naye akifuata nyuma yao. Walipogeuka, palikuwa na maji matupu. Watu walimtafuta mpaka wakachoka. Hakikupatikana hata kiatu.

Ghanima hakulia. Imamu alikuja kumweleza habari za sala ya ghaibu, ya maiti asiyepatikana, na za kukaa eda, naye akamsikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

"Alisema anarudi," akamwambia Nura mgeni alipoondoka. "Mi sikai eda ya mtu aliye njiani."

Zulia likabaki koridoni, limeviringishwa na kufungwa kamba vilevile lilivyokuja. Mwanzoni lilinuka tope. Baadaye harufu ikawa nyingine, nzito, ikafuata watu mpaka vitandani. Chanelle, jirani aliyeshona mapazia ng'ambo ya ua, alishindwa kunyamaza.

"Nura, mi sisemi vibaya, lakini ile kitu inanuka mutu."

Nura akaomba ruhusa ya kuliosha. Ghanima akakataa katakata. "Apana. Atakuja ataosha mwenyewe. We unajua hapendi mtu aguse sufu yake."

Nura alijua. Ami Nasser aliuza mazulia maisha yake yote, na Nura alipokuwa msichana alimsaidia dukani. Hili moja jekundu hakukubali kuliuza. Kila siku baada ya chakula cha mchana alilala juu yake kwa ubavu, kichwa mkononi, na ole wake aliyepita na viatu. "Sufu ni nywele," alikuwa akisema. "Ioshe kama unavyoosha kichwa cha mtu."

Asubuhi moja Talal, mumewe Nura, alipompeleka Ghanima kliniki, Nura akamwita Chanelle. Wakaliburuta zulia hadi uani, wakakata kamba, wakalikunjua juu ya sementi. Tope lilikuwa limekauka na kupasuka. Wakalikwangua kwa kijiko, wakafagia vumbi. Chanelle akaja na ndoo ya maji ya moto na chupa ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.

"Rudisha," Nura akasema. "Maji ya moto inakunja sufu. Na javeli inaikula."

Akatumia maji baridi na shampuu kidogo, akipitisha kitambaa kufuata ulalo wa manyoya, bila kusugua. Maji yalitoka meusi, yakawa ya kahawia, yakawa meupe. Katikati tu ndipo palipokataa. Kila alipopasuuza, maji yalitakata, na mara tope likapanda tena kutoka chini, jembamba, la baridi kuliko maji ya ndooni.

Akapasuuza mara ya pili, na ya tatu. Hapo ndipo alipogundua kwamba kila mara alikuwa akianzia juu, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, kama aoshwavyo maiti, na kwamba midomo yake ilikuwa ikisoma dua. Hata hivyo hakuacha. Kuacha katikati kulimtisha zaidi.

Ilipofika zamu ya kunyonya maji, alichukua shuka jeupe, akalitandaza juu ya zulia, akaanza kulikandamiza kwa viganja.

"Nura," Chanelle akasema kwa sauti ndogo, "mbona unamufunika?"

Nura akatazama. Maji yalikuwa yakipanda kwenye shuka mahali pamoja tu. Likatokea bega. Ikatokea nyonga, na magoti yaliyokunjwa, na kichwa kilichoegemea mkono. Chanelle akajifanyia ishara ya msalaba, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Wakati huohuo lango likafunguka. Ghanima alikuwa amerudi. Akasimama, akaliangalia shuka kwa muda mrefu, mfuko wa dawa ukining'inia mkononi.

"Nani amekupa ruhusa ya kumuosha?"

"Shangazi, nilikuwa naosha zulia…"

"Mume anaoshwa na mkewe. Hiyo ilikuwa haki yangu, Nura. Haki yangu!"

Akapiga magoti palepale kwenye maji na buibui lake, akaingiza mkono chini ya shuka. Nura alimwona akishtuka.

"Yuko baridi," Ghanima akasema. "Mume wangu amekufa maji."

Ndipo akalia, kilio alichokizuia tangu siku ile ya chai ya kusimama. Alipotulia aliomba ndoo nyingine, akaosha upya mwanzo hadi mwisho, polepole, na hakumruhusu mtu amsaidie. Jioni ile akavua bangili, akaomba kanga isiyo na nakshi, akaanza eda. Ijumaa msikitini wakamsalia Nasser sala ya ghaibu.

Nura aliamini basi yamekwisha. Wakalaza zulia kivulini juu ya vichaga vya mbao, upepo upite chini. Pembe zikakauka, harufu ikaisha, rangi nyekundu ikarudi kama ilivyokuwa dukani. Pale katikati hapakukauka. Kiangazi kikaingia, vumbi likatanda mji mzima, na bado palikuwa pabichi. Talal akasema lichomwe moto.

"Mwache," Ghanima akajibu. "Amefika, basi."

Sasa zulia liko sebuleni. Kila adhuhuri Nura hutandika taulo safi mahali pale, hukandamiza kwa viganja vyote viwili, hasugui. Taulo huinuka limejaa maji safi yenye harufu ya ziwa. Siku za kwanza alifanya hivyo akiwa amefumba macho. Siku hizi huyafumbua, na akimaliza hukaa kidogo hapohapo sakafuni, kama mtu aliyemtembelea mgonjwa na hajui aage vipi.